Bi Mwanamkuu na Kidevu Kilichomshinda

Ukifika Mtendeni ukimtafuta Bi Mwanamkuu, usiulize anakokaa yule mama anayenyoa wanawake. Njia utaonyeshwa, lakini mwenyewe akijua umemwita hivyo, utakaribishwa chai iliyopoa. Bi Mwanamkuu binti Shomari hanyoi. Kunyoa ni kukata juu na kuuacha mzizi ukikucheka kule chini, ni kazi ya wembe, na wembe kwake ni wa wanaume na wa mtoto aliyetimiza siku arobaini. Yeye anatoa. Miaka thelathini na moja sasa anatoa malaika ya mikono, ya miguu na ya kule ambako adabu inanizuia kupataja, na anayatoa na mizizi yake.

Vifaa vyake ni sukari, ndimu na maji. Anavichemsha kwa moto mdogo mpaka vinageuka rangi ya asali, anavimimina kwenye sinia, kisha anakanda donge kwa vidole mpaka linakuwa jeupe na kunata kama ulimbo. Wenyewe wanaliita halawa. Linapakwa, linavutwa mara moja, na mtu anamwita mama yake. Ufundi huo alifundishwa na bibi yake, Siwema, naye Siwema alidai kwamba ulifika Tabora kwa miguu: bibi wa bibi yake alitoka nao pwani akifuata msafara, mzigo wa watu kichwani na mapishi yake mwenyewe akilini. Misafara ilileta shanga, bunduki na hiki Kiswahili tunachojivunia. Kwa kina Mwanamkuu ilileta na halawa, na ole wako umwombe ushahidi.

Yeye ni somo pia. Mabibi harusi wasiohesabika wamepita mikononi mwake kabla ya kupelekwa kwa waume zao, na ana sharti moja ambalo hajawahi kumlegezea mtu. Mwanamke hatoki kwa somo kwenda mbele ya mgeni akiwa na kishina hata kimoja mwilini. Akitoka nacho ni aibu, na aibu hiyo si yake, ni ya somo. Kwa sharti hilo amejijengea jina kuanzia Mtendeni hadi Ipuli, na kwa sharti hilohilo alikuja kumharibia mtu jambo kubwa. Lakini tusikimbilie huko.

Katika miaka yote hiyo, kulikuwa na kidevu kimoja tu kilichomshinda. Kilikuwa cha Veneranda, mwalimu wa shule ya msingi kule Isikizya, binti wa Kikatoliki aliyezaliwa Usinge kwenye familia ya wakulima. Alikuja mara ya kwanza Jumamosi moja, miaka tisa iliyopita, amejifunga mtandio hadi chini ya macho. Bi Mwanamkuu akadhani anaumwa jino. Mtandio ulipofunguliwa akaona ndevu. Hayakuwa malaika ya kawaida ambayo kila mwanamke anayo akijitazama vizuri. Zilikuwa ndevu kamili, nyeusi, ngumu, kutoka sikio hadi sikio.

Bi Mwanamkuu hakuguna wala hakusema masikini. Alivuta kigoda karibu.

"Nani mwingine anajua, mwanangu?"

"Shangazi yangu, na ameshafariki. Aliniambia mwanamke mwenye ndevu ana nyota ya mali."

"Na hiyo mali?"

"Bado naisubiri, Bi Mwanamkuu."

Wakacheka wote wawili, na urafiki wao ukaanza hapo. Kuanzia siku hiyo Veneranda alikuja kila alipopata nafasi, na Bi Mwanamkuu alipigana na kidevu kile asubuhi nzima, halawa hapa, uzi wa pamba pale, kibano kwa zile zilizojificha. Jioni uso ulikuwa mwekundu na laini. Wiki haikuisha ndevu zimerudi, na safari hii zimekuja na vipele, nyingine zimejikunja ndani ya ngozi na kutunga usaha, na ngozi ikaanza kufanya mabaka meusi. Katikati ya wiki Veneranda alifundisha akiwa amejitanda kitenge hadi mdomoni. Korona ilipoingia, watu wakalia na kuogopa. Yeye, Mungu amsamehe, alivaa barakoa akashusha pumzi. Wenzake wakazitupa zao, yeye akaendelea na yake, akisema ana pumu ya vumbi la chaki.

Uso wa mtu ukiwa mikononi mwako, maneno humtoka. Kwa hiyo Bi Mwanamkuu alijua jambo ambalo walimu wa Isikizya hawakulijua. Mama yake Veneranda, Mama Bertila, alikuwa amepofuka kwa presha ya macho, mwaka wa kumi na moja sasa. Tangu giza limwingie, aliwajua watu kwa vidole. Aliyemjia alimwinamia, naye akampitia paji, pua, mashavu, kidevu, ndipo akamwita jina lake. Wajukuu aliwajua hivyo, majirani hivyo, hata padri alipokuja kumletea komunyo aliinama ashikwe. Kati ya watoto wake watano, wanne wa kiume walikuwa wameshikwa mara zisizo idadi. Binti yake wa pekee hakuwa ameshikwa hata mara moja. Veneranda alipokwenda Usinge kila Krismasi alimpa mama ncha za vidole, akakimbilia kiti cha mbali, akasema ana mafua asije akamwambukiza. Mafua ya miaka kumi na moja!

Mwanzoni mwa mwaka huu, baada ya Krismasi, kaka yake mkubwa, Sylvester, alimpigia simu akamfikishia maneno ya mama yao kama yalivyo: "Mwambie Vene, kama ananionea kinyaa kwa upofu wangu, aseme tu."

Veneranda alimsimulia Bi Mwanamkuu habari hiyo akiwa ameegemeza kichwa mapajani mwake, machozi yakimwingia masikioni. "Nataka mama anishike uso kabla hajafa," alisema. "Mara moja tu, anishike asishtuke."

Ndipo akatoa habari ya kliniki. Mwalimu mwenzake alikuwa amesikia kwamba Mwanza kuna daktari wa ngozi anayeondoa nywele za mwilini kwa mwanga, moja kwa moja, zisirudi tena. Bi Mwanamkuu aliposikia "moja kwa moja" alicheka mpaka akajishika ubavu. Alikuwa ameona wauza mafuta, wauza krimu, wauza majani ya kusaga, wote wakiapa kwa moja kwa moja, na wateja wao wote waliishia kwenye kigoda chake. Ila alikuwa na moyo, na alijua kwamba yeye ameshindwa. Akasema nenda, na mimi nitakusindikiza.

Kliniki ilituma maagizo kwa simu. Veneranda aliyasoma kwa sauti: asitumie halawa, nta, uzi wala kibano kwa wiki sita; na siku moja kabla ya kuja, anyoe kwa wembe.

"Wembe?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Wembe kwenye uso wa mwanamke! Hao ni madaktari au vinyozi?"

Veneranda alitii. Wiki sita alikaa Isikizya na barakoa yake, akinyoa alfajiri, asikanyage Mtendeni. Siku moja kabla ya safari ndipo akaja, mchana, walale pamoja waondoke na basi la asubuhi. Bi Mwanamkuu alimvua barakoa, akapitisha kiganja kwenye kidevu chake. Vishina vilikuwa vimejaa kama shamba la mtama lililovunwa. Kesho mwanamke huyu, aliye chini ya mkono wake, asimame mbele ya daktari wa Mwanza katika hali hii? Watu wa Mwanza wangesema Tabora hakuna fundi.

"Kaa hapo," alisema, na akaweka sufuria motoni.

"Bi Mwanamkuu, walisema tusitumie..."

"Wamesema wembe kwa sababu kwao hakuna anayeweza kuutoa unywele na mzizi wake. Wao si wanataka mizizi iondoke? Mimi ninawatangulizia kazi. Wakikukuta safi watashukuru."

Yalisikika kama maneno ya akili. Na Veneranda, nisimwonee, naye aliona haya ya kutazamwa na mgeni akiwa na vishina. Aliinua kidevu, akafumba macho. Halawa siku hiyo ilitii kuliko siku zote. Haikubaki ndevu hata moja. Bi Mwanamkuu alimpaka maji ya waridi, akamtazama usoni, akaridhika.

Walifika Mwanza saa nane mchana, wamepitia Nzega na Shinyanga, miguu imewavimba. Daktari alikuwa mama wa makamo aitwaye Advera, Mhaya mwenye maneno ya haraka na miwani yenye lenzi nene ya kukuzia vitu. Alimlaza Veneranda kitandani, akamwinamia, akamtazama shavu la kulia, la kushoto, kidevu, shingo. Akarudia. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu, ndevu zenyewe ziko wapi?"

"Tumezitoa," Bi Mwanamkuu akajibu kutoka kwenye kiti chake, mabega juu. "Zote. Angalia vizuri, hutaona hata moja."

"Nani amezitoa?"

"Mimi hapa. Jana."

Daktari Advera alirudisha miwani usoni. Hakukaripia, na hilo nitalisema kwa sifa yake. Alivuta kiti akakaa mbele ya Bi Mwanamkuu, magoti kwa magoti, kama mtu anayezungumza na fundi mwenzake.

"Mama, nikueleze mwanga huu unavyofanya kazi. Mwanga wenyewe haujui mzizi uko wapi. Unachokijua ni weusi. Unaudaka weusi wa unywele, unateremka nao chini ya ngozi mpaka kwenye shina, na joto lake linaliunguza lile shina. Unywele ndiyo kamba, mwanga ndiyo ndoo, mzizi ndiyo maji kisimani. Wembe unakata kamba juu, kipande kinabaki chini, ndoo inapata pa kupita. Wewe jana umeichomoa kamba yote. Nitashukaje?"

Bi Mwanamkuu alielewa palepale, kwa kuwa ni fundi, na fundi haelezwi mara mbili. Alielewa kwamba usafi wake, ule usafi aliorithi kwa Siwema na akaujengea jina, ndio uliofunga mlango.

"Na sasa?"

"Sasa mnarudi nyumbani. Wiki sita nyingine, wembe tu."

Hata hivyo Daktari Advera hakuwaachia waondoke mikono mitupu. Alimuuliza Veneranda kuhusu siku zake, akamtoa damu kupima homoni, na majibu yalipotoka akamwandikia vidonge, akamweleza bila kuficha: mwanga unaua mizizi iliyopo, lakini homoni zikiachwa zifanye zinavyotaka mwili unaweza kuotesha mingine. Alimweleza pia kwamba zamani mashine nyingi hazikuwa za watu weusi. Zilitafuta weusi, zikaukuta kwenye ngozi, zikachoma vyote viwili, na watu wakabaki na makovu. Hii aliyonayo ina mwanga unaopenya chini zaidi, unaipita ngozi bila kuigusa. Akamjaribia mapigo mawili ya mwanga nyuma ya sikio, waone ngozi itasemaje.

Ndani ya basi la kurudi waliketi bega kwa bega mpaka Shinyanga. Veneranda hakulaumu, na laiti angelaumu. Walipofika Nzega abiria wakashuka kununua karanga, Bi Mwanamkuu akabaki kitini na kulia waziwazi, mama mzima wa miaka hamsini na sita.

"Nimekuponza, mwanangu. Mama yako hana wiki za kuchezea, na mimi nimekupotezea."

"Na mimi nilikuinulia kidevu," Veneranda alisema, akampa mtandio wake ajifutie.

Wiki sita zikapita, na safari hii Bi Mwanamkuu alikuwa mkali kwa mteja wake kuliko daktari. Alimpigia simu kila jioni kuuliza kama kuna mtu amegusa kibano. Walirudi Mwanza. Bi Mwanamkuu akaomba aingie chumbani ashuhudie, na Daktari Advera akamvika miwani nyeusi kama ya mchomelea vyuma.

Huwa ananisimulia dakika zile kwa sauti ya chini, utadhani anaogopa kuziamsha. Kulikuwa na mrija unaopuliza upepo wa baridi shavuni, na mkononi mwa daktari kitu kidogo, kinene kama tochi. Kilipogusa ngozi kililia, ta. Kikahama, ta. Hapakuwa na moto wa kuuona, wala damu, wala kuvuta. Kilichokuwapo ni harufu, ile ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa, na kwa harufu hiyo alijua kwamba huko chini, mahali ambapo vidole vyake havikuwahi kufika, kuna kitu kinaungua. Veneranda alikunja vidole vya miguu lakini hakumwita mama yake.

"Inauma?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Kama kupigwa na mpira wa kufungia pesa. Halawa yako inauma zaidi."

Ta, ta, ta. Bi Mwanamkuu alikuwa akihesabu kimoyomoyo bila kujua. Dakika kumi na mbili, daktari akaweka kifaa chini na kusema tumemaliza. Dakika kumi na mbili! Uso uleule ulikuwa ukimmalizia yeye asubuhi, mgongo na nusu ya kilo ya sukari. Alitaka kuona wivu, akautafuta, hakuupata. Alichokikuta moyoni ni kile anachokisikia akiona mwezi mwandamo, ile hali ya mtu kujiona mdogo na kufurahi kuwa mdogo. "Subhanallah," alisema, na akaomba ruhusa akashike kile kifaa. Kilikuwa chepesi.

"Na hizi nyeupe mbili tatu?" aliuliza, kwa kuwa jicho lake halikuwa limelala. "Umesema kinatafuta weusi."

Daktari Advera akacheka kwa furaha. "Hizo hazionekani kwa mwanga, mama. Hizo ni za sindano." Akamwonyesha: sindano nyembamba kuliko unywele wenyewe, inaingizwa kwenye tundu la unywele mmoja, inapelekewa umeme kidogo, shina linakufa, halafu unahamia mwingine. Mmoja mmoja, kwa subira, saa kwa saa. Ndiyo njia ya zamani zaidi, alisema, na ndiyo ambayo ukiua umeua kweli. Mwanga unapunguza nyingi kwa muda mrefu, na baadhi hudai kurudiwa baada ya miaka. Bi Mwanamkuu aliitazama ile sindano kwa muda mrefu. Mwanga ulikuwa umemshangaza. Sindano ilimgusa, maana nyuma yake aliuona mkono wa mtu aliyekaa ameinama siku nzima juu ya uso wa mwingine.

Wiki mbili baadaye Veneranda alikuja Mtendeni. Ndevu zilikuwa zimechomoza kidogo, akakata tamaa, akidhani zimeota upya. Bi Mwanamkuu alichukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akakipitisha shavuni kwa upole, akakigeuza. Kitambaa kilikuwa kimejaa nywele. Zilikuwa zimeachia zenyewe, moja baada ya nyingine, bila kuvutwa, bila ubishi. Miaka thelathini na moja amevutana na mizizi ya wanawake wa Tabora, hakuwahi kuona mzizi ukikubali. Aliketi chini na kitambaa chake mpaka adhana ya alasiri.

Walikwenda mara ya pili, na mara ya tatu. Mashavu yakawa laini, mabaka yakaanza kufifia, Veneranda akathubutu kwenda sokoni bila barakoa. Kilichobaki kilikuwa kidevu, na chini ya kidevu, ambako ndevu zilikuwa nene zaidi. Huko zilirudi kwa viraka. Daktari alisema zinahitajika mara tatu nyingine, labda nne. Walikuwa wamepanga kwamba Krismasi hii Veneranda ataketi mbele ya mama yake.

Sylvester alipiga simu mwezi wa tisa, saa kumi na mbili asubuhi. Mama ana homa ya mapafu. Ametolewa hospitali, dawa anakunywa, lakini siku ya nne hii hali chakula. "Kama unakuja, Vene, njoo leo."

Veneranda aliingia Mtendeni na bodaboda, hajachana nywele. Viraka vya kidevuni vilikuwa vimechomoza vizuri. "Nitoe, Bi Mwanamkuu. Weka halawa motoni. Mara moja tu, nikamwone mama."

Bi Mwanamkuu alimtazama. Hiki ndicho alichokuwa akiombwa maisha yake yote, na ndicho alichojua kukifanya. Kwa halawa, leo mchana kidevu kile kingekuwa laini kama cha mtoto. Na ile miezi ya mwanga ingerudi nyuma tena.

"Hapana," alisema.

"Wembe unaacha vishina. Mama atavisikia!"

"Atavisikia. Lakini utakuwa unapona."

Alikwenda dukani mwenyewe akanunua wembe, na muuza duka, Majidi, aliyemjua tangu utoto, akauliza kama mgeni wa kiume amefika. Alilipa akarudi nyumbani. Alichanganya sabuni kwenye bakuli. Alisema bismillahi, akanyoa uso wa mwanamke kwa mara ya kwanza maishani mwake, taratibu, akifuata mwelekeo wa ndevu. Alipomaliza akapitisha kiganja. Vishina vilikuwapo, vichache, kwenye ncha ya kidevu. Somo gani huyu anayemtoa mtu mlangoni hivi? Akajitanda baibui, akasema twende.

Walipanda basi la Kigoma, wakapita Urambo na Kaliua, wakashuka Usinge jua likiwa bado kali. Mama Bertila alikuwa amelazwa kibarazani kwenye mkeka, kwa kuwa ndani alisema anakosa hewa, na amejifunika khanga mpaka puani kama kawaida yake. Sylvester na mkewe walisimama kando. Veneranda alipiga magoti.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba." Mama alitega sikio. "Mafua yamepona?"

Veneranda alichukua mikono miwili ya mama yake, akaiweka usoni pake, akaiachia.

Bi Mwanamkuu, aliyekaa kwenye ukingo wa baraza, aliinua shingo. Vidole vilikuwa vikavu, vya mkulima, lakini vilijua kazi. Vilianza kwenye paji. Vikapita nyusi, vikateremka puani, mama akanong'ona, "Pua ya baba yako Ambrosi hii." Vikafika mashavuni, vikazunguka, vikarudi, vikakaa hapo kwa raha. Kisha vikateremka kidevuni, na vikasimama.

Kidole gumba kilikwenda mbele, kikarudi. Kikaenda tena.

"Umenyoa," mama alisema.

"Ndiyo, mayo."

"Unazo tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na tisa."

Pale ukingoni Bi Mwanamkuu alijutia wembe, akajutia basi, akajutia kila kitu. Ndipo Mama Bertila akasema, "Sylvester, wewe na mkeo nendeni mkaangalie kuku." Wakaenda. Bi Mwanamkuu naye akainuka, lakini Veneranda alimshika pindo la baibui.

"Huyu ni mtu wangu, mayo. Huyu anajua."

"Basi abaki."

Mama aliushika mkono wa binti yake, akaupitisha chini ya khanga yake mwenyewe, akaubana kwenye kidevu chake. Bi Mwanamkuu aliona uso wa Veneranda ukibadilika kabla khanga haijateremka. Ilipoteremka akaziona naye: ndevu, ndefu kiasi cha kushikika kwa vidole.

"Baba yako alikuwa akinitoa kila Jumamosi jioni," Mama Bertila alisema. "Kwa majivu na kucha zake, mlango umefungwa, ili Jumapili niende Misa. Hakumwambia mtu mpaka anaingia kaburini. Alipokufa, macho yangu yalikuwa yameshakwenda. Ningemwambia nani? Sylvester? Nikasema nitamngoja Vene, ni binti yangu, atanitoa yeye." Alivuta pumzi, kifua kikamkoroma. "Kila Krismasi nilikungoja usogee. Mbona ulikuwa unakaa kule mbali, mwanangu?"

Veneranda alijilaza mkekani, akaweka kidevu chake juu ya kidevu cha mama yake, mchana kweupe, na watu wakipita barabarani.